Kuta za Jinja na Mbale zauzwa kwa kopo la rangi

UKITAKA kuijua historia ya biashara ya simu nchini Uganda huna haja ya kwenda maktaba. Tafuta duka lolote la zamani katika mitaa ya Jinja au Mbale, kisha utazame pale rangi ilipobanduka ukutani. Chini ya rangi ya leo utaiona ya juzi, na chini ya ya juzi kuna ya miaka kumi iliyopita. Kila tabaka ni kampuni, na kila kampuni ilikuja na ndoo yake.

Celtel ilifungua njia mwaka 1995. MTN ikaingia Oktoba 1998 na rangi yake ya manjano. Shirika la Uganda Telecom likaleta huduma yake ya simu za mkononi, Mango, mwaka 2001. Warid ilianza mwaka 2008 na Orange mwaka 2009. Katika muda huo huo Celtel ilibadilishwa jina ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Airtel ikainunua Warid mwaka 2013. Orange nayo iliuzwa mwaka 2014 ikawa Africell, ambayo ilifunga virago na kuondoka Uganda mwaka 2021.

Majina hayo yalipokuwa yakibadilishwa katika ofisi za Kampala, Kuwait, Delhi au Paris, huku mashariki ya Uganda walifika vijana wenye ngazi, brashi na ndoo. Duka lililolala likiwa la rangi moja liliamka likiwa la rangi nyingine. Muuza sukari na sabuni aliendelea kuuza sukari na sabuni, ila ukuta wake ulikuwa umehamia kampuni mpya.

Sina ugomvi na kampuni za simu. Zimerahisisha maisha ya watu, na tangu MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu mwaka 2009, mama wa Bugembe au Namatala anaweza kupokea ada ya mtoto bila kupanda gari. Hoja yangu ni nyingine. Nauliza ukuta wa mji ni mali ya nani, unakodishwa kwa bei gani, na nani anayetia saini.

Tangazo lisilohitaji kusomwa

Wataalamu wa matangazo katika nchi tajiri hulizungumzia jambo hili kama uvumbuzi. Wanasema watu wamechoka na redio, televisheni na magazeti, kwa hiyo kampuni inapaswa kuwafuata mtaani kwa njia ambazo hawazitarajii, kama vile michoro ya ukutani, grafiti, ngazi za stesheni au vifuniko vya mitaro. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani huwakodi wachoraji waliokuwa wakikimbizana na polisi, zikawalipa wachore viatu na soda.

Kwetu njia hiyo haina ugeni wowote. Kinyozi wa Afrika Mashariki alichora vichwa vyenye mitindo ya nywele kwenye ubao wa kibanda chake muda mrefu kabla ya neno grafiti kufika huku. Fundi baiskeli alichora gurudumu. Mwenye hoteli alichora sahani ya wali na kuku, na mwenye kinu akachora gunia la unga. Mchoro ulikuwa lugha ya wote. Aliyesoma alielewa, na ambaye hakusoma alielewa vilevile.

Uganda ya mashariki inahitaji lugha ya namna hiyo kuliko sehemu nyingi. Jinja ni mji wa Wasoga, lakini viwanda vyake viliwavuta watu kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Mbale, chini ya mlima wa Wanale, ni mji wa Wagisu, na sokoni utasikia pia Kiteso, Kigwere, Kiganda na Kiswahili cha watu wa mpakani wanaopitia Malaba, Busia na Lwakhakha. Mtangazaji angeandika kwa lugha gani ili asimwache mtu nje? Rangi ilimtatulia tatizo. Manjano haina sarufi, na nyekundu haihitaji mkalimani.

Hapo ndipo kampuni za simu zilipowashinda wengine wote. Watengenezaji wa sabuni, soda, sigara na dawa za maumivu walikuwa wakipaka kuta tangu zamani, lakini walichora chupa au pakiti na maneno machache, na sehemu iliyobaki wakaiacha. Kampuni za simu ziliiona nyumba nzima kuwa bango. Zikapaka mlango, nguzo, kibaraza, madirisha na hata ngazi za kupandia dukani. Watengenezaji wa rangi zenyewe wakafuata, maana hakuna tangazo la rangi linaloishinda nyumba iliyopakwa rangi.

Matokeo yake mengine ni ya kuchekesha. Rangi ilikusudiwa kumwonyesha mteja mahali, lakini sasa imempoteza. Ukielekezwa uende kwenye duka la manjano karibu na stendi, utakuta maduka ya manjano manane. Kitambulisho kinachovaliwa na kila mtu hakimtambulishi yeyote.

Isitoshe, rangi hizo zina maana nyingine katika nchi hii. Manjano ni rangi ya chama tawala cha NRM, na nyekundu ndiyo iliyobebwa na wafuasi wa Bobi Wine na chama chake cha NUP. Mwenye duka aliyechagua mtandao wa simu hakuchagua chama, lakini msimu wa uchaguzi ukifika mpita njia hawezi kujua ukuta unazungumzia vocha au kura. Mfanyabiashara ambaye angependa kukaa kimya anajikuta ana mdomo ukutani.

Hesabu ya ndoo moja

Tuje kwenye fedha. Mwenye duka hukubali kwa nini? Jibu ni rahisi, nalo si la kipumbavu. Kupaka duka ni gharama. Mvua za Mbale zinazoshuka kutoka Mlima Elgon na unyevu wa Ziwa Victoria pale Jinja huharibu ukuta upesi. Akitokea mtu wa kukupakia bure, akakuachia na fulana mbili na mwavuli wa kukalia wakala, utamkataa kwa sababu gani? Duka linang'aa, jirani anaona wivu, na mteja anadhani biashara imekua.

Lakini neno bure lina hesabu yake. Lita moja ya rangi ya kawaida hufunika takriban mita 10 za mraba ikipakwa mara moja kwenye ukuta laini. Ukuta wa mbele wa duka wenye mita 20 za mraba, ukipakwa mara mbili, utahitaji lita nne hivi. Ongeza ujira wa vijana wawili kwa siku moja. Hiyo ndiyo bei ambayo kampuni hulipa ili jina lake lisimame barabarani usiku na mchana, mwaka mmoja, miwili, au mpaka rangi ipauke yenyewe.

Bango kubwa la chuma lina kodi ya mahali, ada ya halmashauri, gharama ya kuchapa na gharama ya kulisimamisha, na mkataba ukiisha huondolewa. Ukuta wa duka mara nyingi hauna mkataba wa maandishi unaoeleza muda, wala kifungu kinachosema nani ataurudisha katika hali yake ya awali. Ndiyo maana Africell ilipoondoka mwaka 2021 iliacha rangi yake ya zambarau kwenye kuta za watu wengine. Kampuni ilikwenda na hesabu zake, na mwenye duka akabaki na tangazo la huduma ambayo hakuna anayeweza kuinunua.

Ikumbukwe kwamba hatuzungumzii kampuni changa zinazohangaika. MTN Uganda iliandikishwa katika Soko la Hisa la Uganda Desemba 2021, na Airtel Uganda ikafuata Novemba 2023. Ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa nchini. Zina uwezo wa kulipia ukuta kama zinavyolipia dakika za redio.

Kuna jambo jingine linalofichwa na ukarimu huo wa ndoo. Katika maduka mengi ya katikati ya mji, anayekubali kupakiwa si mwenye nyumba. Ni mpangaji. Yeye anajua kodi yake ya mwezi huu na ule ujao, na hana sababu ya kufikiria ukuta huo utakuwaje baada ya miaka 20. Mwenye nyumba huenda yuko Kampala, au London, au ni warithi sita wasioelewana. Hivyo ukuta hutolewa na asiyeumiliki, hupokelewa na asiyeulizia, na huharibikia mikononi mwa ambaye hakuwepo.

Majina yaliyofunikwa

Hapa Jinja ina kesi nzito zaidi ya Mbale. Mji huu ulikua kwa pamba, reli na umeme. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilikamilika mwaka 1912. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikafuata. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walijenga maduka pande zote mbili za Main Street na mitaa inayoikata, nyumba zenye vibaraza vya nguzo, na juu kabisa, chini ya paa, wakachonga kwenye saruji jina la familia na mwaka wa kujenga.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu hao siku 90 waondoke. Nyumba zao ziliwekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za Waasia waliofukuzwa, na kwa miaka mingi hazikupata hata chokaa. Sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, lakini ni katika miaka ya 1990 ndipo nyumba nyingi zilipoanza kurudi kwa wenyewe. Baadhi ya familia zilirejea na kuishi, nyingine zilikodisha au kuuza.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Kuta hizo zilikuwa zimechakaa kabla kampuni ya simu haijazaliwa. Rangi ya matangazo, iliyokuja baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1997 kufungua milango ya ushindani, iliufufua mji uliokuwa umepauka. Anayekumbuka Jinja ya miaka ya 1980 hawezi kulaani kila tone la rangi.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kupaka ukuta na kufunika jina. Herufi zilizochongwa kwenye saruji zinapopakwa rangi moja na ukuta unaozizunguka, mara tatu, mara nne, zinajaa na kupotea. Pale palipoandikwa nani alijenga na lini, macho hayaoni kitu isipokuwa nembo. Nyumba nyingi hazina hati nyingine inayoonekana na wananchi zaidi ya ule mwaka uliochongwa juu ya mlango. Ukiufunika umeifuta.

Kuna na suala la ufundi. Kuta za zamani zilizopigwa lipu ya chokaa huhitaji kupumua. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hutoka kwa kupenya lipu hiyo. Ukizifunika kwa rangi ya mafuta inayoziba kama ngozi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea. Lipu inavimba, inapasuka na kuanguka vipande vipande. Baada ya hapo mwenye nyumba huambiwa kwamba jengo limezeeka na dawa ni kulibomoa.

Si kwamba hakuna aliyeliona. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limeorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja ili yajulikane kabla hayajabomolewa. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na maeneo ya kale, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Sheria ipo, orodha ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama Main Street na kusema nguzo hii isiguswe.

Wenzetu wa pwani walishafika huko. Zanzibar ina mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lamu ilifuata mwaka 2001. Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe hawezi kuamka akaigeuza nyumba yake kopo la soda. Anaweza kulalamika, na wengi hulalamika, lakini watalii wanaokuja kuzitazama nyumba hizo huacha fedha katika mji. Jinja, yenye chanzo cha Nile mlangoni mwake, inauza safari za mtumbwi na michezo ya maporomoko, halafu inaliacha barabara lake la kihistoria livae sare za kampuni.

Mafundi wamekwenda wapi?

Upande wa Mbale nauona kwa jicho jingine. Mbale ulianza kukua mwanzoni mwa karne iliyopita, Semei Kakungulu alipoweka makao yake hapo, na baadaye kahawa ya Bugisu ndiyo iliyoulisha. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954. Wazee bado wanasimulia jinsi mji huo ulivyosifiwa kwa usafi kuliko miji yote ya Uganda. Ni mji wenye soko kubwa, mnara wa saa, chuo kikuu cha Kiislamu kilichoanza mwaka 1988, na wanafunzi wengi kuliko vyumba vya kupanga.

Mji wa namna hiyo ulikuwa na wachoraji wake. Mchoraji wa vibao alikuwa mtu wa heshima. Alijua kupiga mstari kwa kamba ya chaki, kupima herufi kwa jicho na kuchora ng'ombe akaonekana ng'ombe. Alifanya kazi za shule pia. Uganda ilipokuwa ikipambana na UKIMWI, kuta na vibao vya viwanja vya shule vilijazwa ujumbe kwa wanafunzi, na mkono ulioandika ulikuwa wa fundi wa hapo hapo.

Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimemnyang'anya fundi huyo sehemu kubwa ya kazi. Mabango ya plastiki ni rahisi, hukamilika kwa saa chache, na picha yake hufanana na picha. Ukuta ndio uliokuwa umembakia, kwa kuwa ukuta hauingii kwenye mashine. Lakini kampuni kubwa huipa kazi wakala wa matangazo wa Kampala, naye huja na kikosi chake ndani ya gari, na vigezo vya kadibodi vilivyokwishakatwa. Wanapaka mtaa mzima kwa siku mbili, wanaondoka. Fundi wa Mbale anabaki kwenye kibaraza akitazama kazi iliyopita mbele ya pua yake.

Hasara hapo si ya ujira peke yake. Mchoraji wa mji huwa na mkono wake. Herufi zake zinajulikana, na ng'ombe wake hafanani na ng'ombe wa Tororo. Ukuta ukija umeshapangwa Kampala, Jinja inafanana na Mbale, Mbale inafanana na Soroti, na Soroti na Lira. Msafiri akilala kwenye basi na kuamka, hajui amefika wapi mpaka aulize.

Nani anaruhusiwa kuchora?

Hebu tulitazame jambo hili pia kwa upande wa raia. Kijana wa Walukuba au Namakwekwe akichukua kopo la rangi usiku akaandika ukutani kwamba mtaa wake hauna maji, huyo ni mhalifu, naye akikamatwa ataijua polisi. Kampuni ikipaka mtaa huo huo mchana kweupe, huitwa mwekezaji. Tofauti kati ya uchafu na tangazo imekuwa ni fedha, nayo ni ndogo kama tulivyoona.

Kenya imelipitia suala hili kwa namna yake. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki ziliziondolea matatu michoro na kuzivika mstari wa manjano. Miaka kumi baadaye, Novemba 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliiruhusu irudi kwa hoja kwamba ni ajira ya vijana. Katikati ya hapo, mwaka 2012, wachoraji na wanaharakati wa Nairobi walichora tumbusi kwenye kuta za katikati ya jiji kuwasuta wanasiasa, na nchi nzima ikasimama kutazama. Hakuna kampuni ambayo ingelipia mchoro ule. Ndiyo sababu ulikuwa na nguvu.

Mji ambao kila ukuta wake umeshakodishwa hauna mahali pa kusema neno kama hilo, wala mahali pa neno la upole zaidi, kama kuwaombea waliokufa mafuriko ya Mbale ya Julai 2022, kuadhimisha imbalu inayokuja kila mwaka wa shufwa, au kuwakumbusha watoto habari za reli na pamba. Jinja tangu mwaka 2015 imekuwa ikipokea maelfu ya vijana wanaokuja kwa tamasha la Nyege Nyege. Wanakuja na muziki na sanaa, lakini kuta wanazopigia picha ni zile zile za vocha.

Halmashauri zimelala?

Jinja na Mbale ziliingia katika orodha ya majiji ya Uganda tarehe 1 Julai 2020. Jina limekua, na madai ya wananchi yamekua nalo. Watu wanataka barabara, taa, mitaro na mahali pa kutupa taka. Madiwani wanapoulizwa hujibu kwamba fedha kutoka Serikali Kuu hazitoshi. Huenda ni kweli. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kukusanya mapato, na Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Vyombo vya kufanyia kazi vipo.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme halmashauri inatoza Sh1,000 za Uganda kwa kila mita ya mraba ya tangazo la ukutani kwa mwezi. Ukuta wa mita 20 utaleta Sh240,000 kwa mwaka. Kukiwa na kuta 500 za aina hiyo katika jiji, hizo ni Sh120 milioni kila mwaka. Hazitajenga hospitali, lakini zitazibua mitaro mingi, na mitaro iliyoziba ni jambo ambalo Mbale wanalijua kwa uchungu.

Hatari iliyopo ni kutoza kichwa kisicho chenu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki ofisa wa mapato huingia dukani, akaona nembo ukutani, akamwandikia mwenye duka bili ya tangazo. Mama aliyepewa rangi ya bure anadaiwa ada ya tangazo ambalo si lake, tena anatishiwa kufungiwa. Utaratibu wa namna hiyo unamtoza tembo kwa kumkamata sungura. Ada ilipwe na ambaye jina lake liko ukutani. Nembo ni saini tosha, na anwani yake inajulikana.

Wengine watauliza kwa nini tusipige marufuku kabisa. Jiji la São Paulo nchini Brazil lilifanya hivyo mwaka 2007. Maelfu ya mabango yalishushwa, na wakazi wakaanza kuziona nyumba ambazo walikuwa wamezisahau. Ni somo zuri, lakini São Paulo ni jiji tajiri ambalo wenye nyumba wake wanaweza kununua rangi. Ukipiga marufuku Mbale leo, kesho utakuwa na kuta zilizopauka, na keshokutwa wakala wa fedha kwa simu atakuwa anafukuzwa kwa sababu ya mwavuli wake.

Uganda yenyewe imeonyesha kwamba marufuku hufanya kazi yakilenga kitu kimoja chenye sababu inayoeleweka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilikataza matangazo ya sigara, kuanzia redioni mpaka ukutani. Hakuna duka lililofungwa kwa kukosa mchoro wa pakiti ya sigara. Maana yake ni kwamba mji unaweza kuamua kitu gani kisiandikwe kwenye kuta zake, na maisha yakaendelea.

Kwa mtazamo wangu, mambo manne yanatosha kwa kuanzia, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, pawe na mkataba wa karatasi moja, kwa lugha ambayo mwenye duka anaielewa, unaotaja muda, malipo, saini ya mwenye nyumba na si ya mpangaji peke yake, na wajibu wa kampuni kuupaka ukuta upya inapoondoka. Kama kampuni inaweza kumwandikia mteja masharti ya laini ya simu kurasa nyingi, haitashindwa na ukurasa mmoja wa ukuta.

Pili, halmashauri ya Jinja ichore mstari. Sehemu za chini za nyumba za zamani zinaweza kubeba tangazo la ukubwa uliopangwa, lakini kuanzia juu ya kibaraza, kwenye majina na miaka, brashi ya kampuni isipande. Na rangi itakayotumika iwe ile isiyoziba ukuta wa chokaa.

Tatu, ada itozwe kwa kampuni na itangazwe hadharani, ili mwananchi ajue ukuta wa mtaa wake umeleta nini mwaka huu.

Nne, kila kampuni inayotaka kupaka mtaa iwape kazi mafundi wa mji huo, na iache ukuta mmoja kati ya kila kumi kwa wachoraji wa hapo wachore wanachotaka wao. Wakichora kahawa, sawa. Wakichora mtaro ulioziba mbele ya ofisi ya diwani, sawa pia.

Naomba nieleweke. Sidai kwamba wakazi wa Jinja na Mbale warudi kwenye kuta za kijivu ili sisi tunaopita tupate picha nzuri. Mwenye duka ana haki ya kufaidi ukuta wake kama mkulima anavyofaidi shamba lake. Ila mkulima hatoi shamba kwa msimu mzima akapewa jembe moja na kuambiwa ashukuru. Atauliza ekari ni ngapi, msimu ni mrefu kiasi gani, na mavuno ni ya nani.

Mameya wa majiji haya mawili wana sheria mkononi na kuta mbele ya macho yao. Kampuni za simu zina fedha. Kabla ndoo nyingine haijafika na rangi nyingine haijakolea, wakae meza moja na wenye maduka, na bei ya ukuta itajwe kwa shilingi badala ya lita.